Shafti Iliyolazwa Bandani

Dereva wa trekta alikuwa mwanamke mpole, ila uchafu ulimpandisha mori. Asubuhi hiyo alimkuta shemeji yake, mdogo wa mumewe, amepiga magoti nyuma ya trekta. Alikuwa akiigonga kwa nyundo shafti, mhimili wa chuma unaozungusha mashine ya kukatia majani, ili iingie kwenye ncha yenye meno nyuma ya trekta.

"Shemeji, hiyo shafti au msumari?"

"Imegoma tu. Ina kiburi hii!"

Dereva aliinama kutazama, akaziba pua. Tangu mavuno shemeji alikuwa ameitupa shafti kwenye banda la kuku. Meno yake yalikuwa yamegandwa na grisi kuukuu, mchanga na mavi, na ndani ya kifuniko chake panya alikuwa amezaa, kisha akafia humo humo pamoja na wanawe. Dereva alirudi nyuma hatua moja.

"Mkono wangu haugusi uozo huu. Aliyeilaza ndiye atakayeiogesha."

Shemeji alicheka, akaona anacheka peke yake, akaenda kuleta mafuta ya taa na brashi. Alisugua huku akitapika.

Ilipotakata, dereva aliyapaka meno grisi mpya. Aliinyanyua shafti, akabonyeza pini ya kuifungia, akaizungusha taratibu kwa mkono mpaka meno yakaoana na ya trekta. Ikateleza ndani bila kelele, na pini ikarudi mahali pake: ta!

"Kumbe kazi yenyewe rahisi hivi!" alisema shemeji, akijifuta mikono kwenye kiti cha trekta.

Dereva alikitazama kiti chake, akatema mate pembeni, akaenda kutafuta kitambaa.