Maharage Kwenye Chumba cha Mtihani

Nilimsikia mwanaume kabla sijaona hata rangi ya mlango wangu. Ilikuwa mwaka 2013, siku niliyohamia kwenye nyumba za walimu, nje kidogo ya mji wa Kibondo. Magharibi ilikuwa imeshaingia, mvua imekatika lakini mabati bado yanadondosha matone, nami nimesimama barazani napapasa tundu la kufuli. Upande wa pili wa ukuta alikuwa akizungumza. Sauti nzito, yenye mwangwi, kama ya mtu anayehutubia akiwa ndani ya pipa. Hakupumzika. Kila baada ya maneno machache kitu kidogo kiligonga bati, ti, kisha tena, ti, na mwanamke niliyeambiwa anaishi humo hakujibu lolote.

Nikajisemea: huyo ni mume, na anaongea peke yake kwa sababu mke alishachoka siku nyingi.

Jioni zilizofuata ikawa vilevile. Alikuwa mume wa ajabu. Hakuuliza chakula, hakulalamikia kuni mbichi. Alieleza umuhimu wa malengo mahususi. Alieleza tofauti ya kupima na kutathmini. Mara moja moja alikatiza mada na kufoka, "Shuu! Nani kawafungulia hawa mbuzi?" kisha akaendelea kwa upole uleule, kana kwamba mbuzi nao walikuwa sehemu ya somo. Asubuhi jirani yangu alitoka peke yake, kanga begani, akaelekea shuleni kufundisha darasa la kwanza. Ofisini wakaniambia ni mjane wa miaka mingi. Siku hizo nilikuwa na kiu ya kuandika riwaya, na ukuta ule ukawa unaninyima raha.

Jumamosi nikaishiwa chumvi. Nadhani iliisha kwa sababu nilitaka iishe. Nikabisha hodi.

"Karibu, binti," alisema kwa sauti ya chini. "Kaa hapo. Ngoja amalize sentensi."

"Nani?"

"Mwalimu mkuu. Yumo kwenye sufuria."

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo wa maharage mapajani. Mbele yake palikuwa na sufuria tupu, na ndani ya sufuria simu ndogo ya vitufe, imelazwa chali, inahutubia. Sufuria ndiyo iliyokuwa ikimpa yule bwana kifua chote kile. Vidole vya jirani yangu vilikimbia kwenye ungo: zima huku, bovu kule, na kila jiwe alilolipata alilirusha kwenye kifuniko cha bati. Ti.

Hapo ndipo nilipojua kuwa alikuwa anasoma stashahada kwa njia ya masafa, kozi ileile niliyokuwa nimejiandikisha mimi. Moduli zilikuwa zimefika chache, na nakala moja ilizunguka kwa walimu wa wilaya mbili. Mwalimu mkuu mmoja wa Kagerankanda, upande wa Kasulu, aliyekuwa naye mwanafunzi wa kozi hiyo, akajitolea kuzisoma kwa sauti akijirekodi kwenye simu. Alisomea uani kwake, na kila kilichopita uani kikaingia. Kisha kadi ya kumbukumbu ikapanda basi mfukoni mwa kondakta hadi Kibondo. Jirani yangu hakuwa na saa ya kukaa na kitabu. Alilima maharage, na wafanyabiashara wa mjini waliyataka yakiwa safi. Kwa hiyo alisoma kwa masikio, mikono ikiwa kazini.

"Mwaka huu nikianguka ndiyo basi," aliniambia. "Hili somo la Upimaji na Tathmini limeshaniangusha mara mbili. Mara ya tatu wanakuondoa kwenye kozi."

"Hutaanguka, mama."

"Wewe unasema tu. Mkuu wangu wa shule nilimfundisha mimi kushika penseli. Sasa anakuja kunikagua, anakaa nyuma ya darasa na penseli ileile. Sitaki kustaafu nikiitwa mwalimu wa a-e-i-o-u."

Tangu siku hiyo nikawa nahudhuria sufuria. Nilijaribu kuandika muhtasari, yeye hakuandika neno. Ukimuuliza swali ungo ukiwa mapajani, alijibu lote bila kuruka, pamoja na kikohozi cha mwalimu mkuu na mkewe akimwita aje kunawa. Nilicheka hadi nikalala kwenye mkeka. Yeye hakuona cha kuchekesha. Kikohozi, alisema, ndicho kilichomwonyesha kwamba inafuata hoja kubwa.

Msimu wa mitihani ulipofika tukapanda basi kwenda Kasulu, vumbi likatupaka rangi moja wote, na kesho yake tukaanza vipindi vya ana kwa ana. Huko ndiko tulikokutana na mwenye sauti. Nilitegemea jitu. Akaja bwana mfupi, mwembamba, suruali imefungwa karibu na kifua. Jirani yangu alimtazama kwa haya, kama mtu aliyekutana barabarani na mgeni anayelala kwake.

"Mwakeye, mwalimu mkuu," alimwamkia kwa Kiha. Kisha, kwa kuwa alishindwa kujizuia: "Wale mbuzi mliwapata?"

"Mbuzi gani, mama?"

"Wa moduli ya tatu."

Yule bwana alivuta suruali yake juu, akakumbuka. "Mmoja alikula kitenge cha jirani," alikiri hatimaye. "Tulimchinja."

"Pole sana. Nilikuwa namwonea wasiwasi."

Jioni ya kuamkia mtihani tulikaa kwenye veranda ya nyumba ya wageni, tukaulizana maswali. Zamu yake ikafika. Nikamuuliza aina za upimaji, kitu alichonitajia jikoni zaidi ya mara moja. Akatazama viganja vyake.

"Mama?"

"Mikono iko bure," alisema. "Hakuna kinachokuja."

Tukamwuliza kingine. Hakuna. Mwalimu mkuu akajitolea kumsomea kwa sauti yake mwenyewe, pale pale, bila sufuria, jirani yangu akazidi kuchanganyikiwa. Uso wake ulianza kubadilika, na utani ukatuishia wote. Kisha akainuka, akavuka barabara hadi sokoni, akarudi na fungu la maharage kwenye kanga. Akakaa, akaanza kuchambua. Kabla jiwe la kwanza halijatoka, maneno yakaja: upimaji gundulishi, upimaji endelezi, upimaji tamati, na maelezo ya kila mmoja.

"Na kesho?" nilimuuliza.

"Maelekezo yanakataza karatasi na simu," alijibu. "Nimeyasoma mwenyewe. Maharage hayakutajwa."

Asubuhi aliingia ukumbini na pindo la kanga limefungwa fundo. Mimi nilikaa nyuma yake. Msimamizi alikuwa kijana aliyehamishiwa Kasulu kutoka Tanga, mpole wa maneno, mkali wa macho. Tukafunguliwa karatasi. Nikaona bega la jirani yangu likianza mwendo ninaoujua, mkono wa kushoto ukicheza chini ya dawati, kalamu ikikimbia mkono wa kulia. Nikatulia, nikaanza yangu.

Kisha harage moja likaanguka.

Sakafu ilikuwa ya saruji, na ukumbi ulikuwa kimya. Liliruka, likaruka tena, likabingirika hadi kwenye kiatu cha msimamizi. Akaliokota. Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, upande huu na upande ule.

"Mama yangu," alisema, akimfikia, "hebu samahani. Una nini huko chini?"

"Maharage."

"Maharage?"

"Ya Kasulu. Ya hapo sokoni."

"Lahaula. Umeyaandika nini?"

"Ungeweza wewe kuandika kwenye harage, mwanangu?"

Mtu mmoja alicheka, akakemewa. Msimamizi alikusanya maharage yote kwenye bahasha, akaenda nayo kwenye meza yake ya mbele, akayamwaga, akayakagua moja moja akitafuta nondo, majibu ya kuibia. Hakuna harage lililokuwa na hata herufi. Lakini hakuyarudisha. "Yatakaa hapa," alitangaza. "Endeleeni."

Kalamu ya jirani yangu ilisimama. Niliona shingo yake ikiinama, na karatasi yake, ambayo ilikuwa na mistari michache tu, ikabaki hivyo. Mwalimu mkuu, dawati la mbele, aligeuka kidogo akamtazama kwa huzuni, akakemewa naye. Kila mmoja wetu wa Kibondo na Kagerankanda alijua maana ya karatasi ile. Niliandika jibu langu bila kuliona.

Sijui ni nini kilichomsukuma yule kijana. Mtihani ni mrefu kwa anayeufanya, na mrefu zaidi kwa anayeulinda. Alikuwa na rundo la maharage mbele yake na hakuwa na gazeti. Kidole chake kikasogeza moja bovu pembeni. Kikasogeza jingine. Akapata jiwe, akalitazama kwa kuchukizwa, akaliweka kwenye kifuniko cha soda. Ti. Muda si muda vidole vyake vyote vilikuwa kazini, kichwa kimeinama, amezama kabisa.

Jirani yangu aliinua macho. Akamtazama mikono. Akawa anamtazama hivyo, mdomo ukicheza bila sauti, halafu akaishika kalamu. Hakuiweka chini tena. Aliandika akiwa anainua macho kwenye meza ile kila mara, na kijana naye alichambua kwa bidii ya mtu aliyeahidiwa chakula. Yalipokaribia kwisha niliogopa. Nashukuru aliyachanganya yote kwa kiganja na kuanza upya, pengine kwa kutoridhika na kazi yake.

"Naomba karatasi ya kuongezea," sauti ya jirani yangu ikasikika.

Matokeo yalipotoka miezi baadaye alikuwa na C, na C hiyo aliitembeza Kibondo nzima, akaanzia ofisini kwa mkuu wake wa shule. Lakini siku ile hatukujua. Tulijua tu kwamba alikuwa ameandika hadi ukurasa wa mwisho, na kwamba aliinuka kabla yetu, akanyoosha kanga, akaipeleka karatasi yake mbele.

"Chukua maharage yako, mama," msimamizi alisema, akiona aibu kidogo sasa. Yalikuwa yamepangwa vizuri, mazima upande mmoja.

Akainama, akayakagua kama anavyokagua daftari za darasa la kwanza.

"Baki nayo," alimwambia. "Umefanya kazi nzuri. Ila usiku uyaloweke, haya ni magumu."

Akafunga fundo tupu la kanga yake, akatupita bila kutuangalia, na mlango ukajifunga nyuma yake.