Mtoto Aliyepitishwa Juu ya Kaburi

Wanaakiolojia wazee wa jimbo la Georgia, Marekani, wakikutana, haichukui muda watarudi kwenye miaka ile ya ukata, walipokuwa vijana na serikali ikiwalipa watu wasio na kazi wawachimbie vilima vya kale. Hapo ni vicheko tu: mvua, nyoka, lori lililozama kwenye tope. Lyle Haverty hucheka nao mpaka mmoja amgeukie na kusema, "Lyle, wewe ulikuwa na wale akina mama wa Savannah. Hebu tupe kisa." Hapo Lyle huinuka kwenda kutafuta koti lake, hata kama ni mwezi wa Julai, wenye joto kali huko.

Kisa anacho, tena kimemnyima usingizi tangu mwaka 1938.

Mwaka huo alikuwa kijana mwenye digrii mbichi na kofia mpya. Akapewa kilima cha makaburi kando ya mto, pamoja na kundi la wanawake weusi wa mji wa Savannah, ambao kabla ya hapo walikuwa wakifua nguo za watu. Wao walimwita Bwana Lyle. Yeye aliwaita kwa majina yao matupu, hata waliolingana umri na mama yake. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na wala hayakumkosesha raha.

Ophelia Mungin ndiye aliyelifunua kaburi la mwanamke. Mifupa ilikuwa mizima, imelala ubavu, magoti yamekunjwa kama ya mtu anayesikia baridi. Lyle nusura acheze kwa furaha. Ophelia aliweka brashi chini.

Ophelia alikuwa na mtoto mchanga, Ezra, ambaye bibi yake alimleta kila mchana anyonye. Tangu kaburi lile lifunguliwe, Ezra alikuwa amegoma kunyonya. Akipewa titi anageuza uso, anakodolea macho kitu nyuma ya bega la mama yake, analia mpaka sauti inakauka. Ophelia alikwisha kuzika mtoto mmoja. Huyu alikuwa anamwona akipungua mikononi mwake.

Kwao, watu wa pwani ile, mtu akifa watoto wachanga wa nyumba hupitishwa juu ya jeneza, mmoja akiwatoa upande huu, mwingine akiwapokea upande ule, ili marehemu asiwarudie. Mwanamke wa kilimani alikuwa hajapitishiwa mtoto. Na alasiri ile mifupa ilikuwa ing'olewe, itiwe kwenye masanduku, ipelekwe chuo kikuu.

Ophelia akamfuata Lyle, akamweleza yote, akamwomba amruhusu kumpitisha Ezra juu ya kaburi kabla ya hapo. Lyle akacheka.

"Huyo si ndugu yako, Ophelia. Ni Mhindi Mwekundu. Alikufa kabla babu zenu hawajaletwa huku."

"Ndugu asiwe ndugu, Bwana Lyle, mimi ndiye niliyemfunua blanketi lake la udongo. Na mkishamgawa kwenye masanduku, nitaongea na nani?"

Lyle akamwambia basi afanye upesi. Tatizo likawa mtu wa kumpokea mtoto ng'ambo ya pili. Wenzake walirudi nyuma, kila mmoja alikuwa na watoto wake nyumbani. Bibi alimkabidhi Ophelia mjukuu, akabaki nje ya kamba iliyozungushiwa shimo na kukataa kabisa kusogea. Lyle, aliyekuwa na haraka ya lori la kubeba masanduku, akasema haya, atampokea yeye, ili mradi kazi iendelee.

Ophelia akamnyanyua mwanawe juu ya shimo. Lyle akanyoosha mikono. Mtoto alikuwa wa moto, ananuka maziwa, na alipofika kifuani kwake kilio kikakatika palepale. Ophelia akapiga magoti ukingoni, akasema na mifupa kwa upole, bila haraka.

"Mama, huyu mdogo hana kosa. Mimi nami natafuta unga tu. Anayekuchukua ndiye huyo aliyembeba. Mtazame sana uso. Ukitaka kurudi kwako, mfuate yeye, maana yeye atajua amekuweka wapi."

Kisha akainua macho. "Utajua, Bwana Lyle?"

Wanawake wote walikuwa wakimtazama. Lyle alianza kutania, akaacha. Akaitikia kwa kichwa.

Ophelia akazunguka, akamchukua mwanawe, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Ezra akanyonya mpaka maziwa yakamtiririka shavuni. Alasiri ile hakuna mwanamke aliyeshuka shimoni tena. Lyle aliing'oa mifupa peke yake, akaifunga kwa magazeti, na lori likaondoka nayo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili alienda chuoni kumtafuta yule mwanamke wa kilimani. Akaambiwa masanduku yamehamishwa kutoka ghala hadi ghala, unyevu umekula maandishi, mengine yamechanganywa. Alifunua vifuniko mpaka akafukuzwa kwa heshima.

Sasa ni mzee, na mwanamke yule huja. Hamtishi wala hamgusi. Husimama karibu na kitanda, amejikunyata kwa baridi, akimngoja aamke amwonyeshe alikomweka. Lyle hufumba macho akajifanya amelala, kwa sababu hajui.