Udongo wa Kaburi la Baba

Kwenye uwanja wa ndege afisa aliniuliza nimefuata nini Rwanda, nikamjibu: utalii. Akanigongea muhuri na kunikaribisha. Mimi, mtu wa Bukavu, Kongo, niliyekulia ng'ambo ya ziwa linalotutenganisha na Rwanda, nilikuwa mtalii kwa jirani kwa sababu kwetu sikuruhusiwa kukanyaga.

Mwanasheria wa Louisville, huko Amerika ninakoishi, alikuwa amenieleza akarudia. Hati yangu ya mkimbizi ingenifikisha popote, isipokuwa kule nilikokimbia. Nikivuka, uraia niliokuwa nikiungoja ungeweza kuniponyoka, na mke wangu na watoto wako Beechmont, wanakula kwa mikono hii inayobeba makasha kwenye ghala la South End. Tulipojadiliana kwenye simu, ndugu watatu, mdogo wangu wa Buffalo, ambaye hajawahi kuogopa hatari ya mwenzake, alisema: "Mukubwa, vuka tu. Nani atajua?"

Dada yetu wa Columbus akamkatiza. "Bon, na batoto yake, utabalisha wewe?"

Nilichoendea ni kumvua mama weusi. Baba alifariki sote tukiwa Amerika. Kwetu mjane huvaa nyeusi mwaka mzima, kisha mtoto wa kwanza humpaka viganjani udongo wa kaburi, humvua kitambaa cha kichwa, na watu wanakula pamoja. Mama alikuwa anaingia mwaka wa nne. Baba mdogo alijitolea, mama akakataa katakata: mtoto wake wa kwanza, ndiye mimi, yu hai. Basi haimbi kwaya, hakanyagi harusini, hali sahani moja na mtu. Tukakubaliana kwamba nisipoweza kulifuata kaburi, mama ataniletea udongo wake upande wa Rwanda, ng'ambo ya daraja la mpakani.

Dereva aliyenipeleka magharibi alikuwa na maneno mengi. Kila kona alipunguza mwendo nipige picha: mashamba ya chai, msitu, nyani waliokaa kando ya lami kama wazee wa kikao. Akauliza kama nitapanda kuwaona sokwe. Nilitamani anyamaze. Milima ile haina mahali palipo tambarare, na baada ya mizunguko mingi nikatapika dirishani. Mtalii gani huyo. Ili nisionekane nina kisirani, nikaisifia nchi kwa usafi. Kweli, barabara nzima hapakuwa na takataka hata moja.

Nyumba ya wageni ilitazama ziwa. Ng'ambo niliona mabati ya mtaa wetu, na juu yake kilima cha makaburi. Mhudumu akanyoosha kidole huko kunifundisha kwamba pale ni Kongo. Nikamshukuru.

Mama alifika asubuhi kutoka mpakani, amevaa nyeusi juu hadi chini, miguu imevimba. Nilipomkumbatia nilishika mifupa. Hakulia. Alininyooshea mikono mitupu.

"Banakamata sashe," akasema. "Nilitia udongo ya baba yako mu sashe. Benye mupaka banasema sashe haiingie mu inchi yabo. Banaitupa mu pipa na udongo yake."

Sashe, yaani mifuko ya plastiki, ni marufuku nchi ile. Ndio usafi niliousifia njiani.

Nilipandwa na hasira, nikataka kwenda kupekua hilo pipa. Mama akanishika mkono. "Kijana ule hakunitukana. Aliniita mama. Bon, alifanya kazi yake."

Nikamwambia arudi kesho, udongo autie kwenye kitambaa. Akatikisa kichwa. "Kaburi habachimbe mara mbili."

Nikamsihi nichote wa bustani ile pale, ardhi si ni moja? Alinitazama kama mtoto wa watu.

"Baba yako halale hapa."

Basi tukaagiza chakula. Walituletea sambaza, dagaa wa ziwa lile, wa kukaanga, na ugali. Nilipopeleka mkono kwenye sahani yake, kama tulivyokula enzi zote, aliivuta upande wake, akala peke yake, taratibu, hadi akamaliza. Uchungu ule sijapata mahali pa kuuweka mpaka leo. Alasiri nikamsindikiza hadi kwenye kizuizi cha mpakani. Yeye akapita, mimi nikabaki na watalii wawili waliokuwa wakipiga picha ya daraja.

Uraia niliupata baadaye, pamoja na pasipoti inayoniruhusu kuvuka ninapotaka. Nilikuwa bado natafuta likizo kazini, niende nikamvue weusi palepale kaburini, mama alipofariki. Dada aliendesha gari kutoka Columbus, mdogo wangu akaja kutoka Buffalo, tukakaa matanga sebuleni kwangu. Picha za mazishi zikaingia kwenye simu. Mdogo wangu aliitazama ya jeneza kabla halijafunikwa, akaikuza kwa vidole.

"Banamuzika na nyeusi?" akauliza.

Dada hakuinua macho. "Nani angemuvua?"