Yangeyange Mbele ya Mlima

Kazi yangu ni picha za harusi, sendofu na kipaimara hapa Moshi mjini. Watu wa harusi ukiwaambia wasimame, wanasimama. Labda ndiyo maana niliwapenda yangeyange, wale ndege weupe wenye miguu mirefu wanaoshinda kwenye majaruba ya mpunga kule Mabogini. Hawasikii la mtu. Na picha yao wakiwa wamesimama hainihusu. Ndege aliyesimama topeni, shingo kaikunja, ni kama mtu aliye kwenye foleni ya maji. Mimi huwataka wakiruka.

Mke wangu alikuwa mtoto wa Mabogini. Wazazi wake walitoka Upareni wakaja kulima mpunga, na tangu akiwa msichana kazi yake ilikuwa kuamia, kufukuza ndege wasimalize masuke. Kwa hiyo tuligawana kazi. Mimi nilichuchumaa tutani na kamera, yeye akazunguka upande wa pili, akavua ndala, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Tayari?" Nikiitikia tayari, anagonganisha viganja mara moja. Mara moja tu. Ukizidisha, alisema, kila mmoja anakimbilia kwao. Mara moja huwainua wote pamoja.

"Sijawahi kuona Mchagga anayeamka alfajiri kwa kitu kisichouzika," alinitania. Lakini alikuwa wa kwanza kutoka kitandani.

Picha aliyoitaka ilikuwa moja: yangeyange hewani, mabawa wazi, na mlima mzima nyuma yao bila wingu. Angeitundika sebuleni, juu ya televisheni. Tulijaribu misimu na misimu. Mlima ukiwa wazi, ndege hawapo. Ndege wakiwepo, mlima umejifunika mpaka utosini. Siku vyote viwili vilipokubaliana, ndege waliruka wakatugeuzia mgongo. Tulicheka, tukaenda kunywa chai kwa mama mkwe, tukasema msimu ujao.

Msimu uliofuata alikuwa wodini. Saratani haikumpa nafasi. Asubuhi moja aliniuliza kama kule Mabogini wameanza kuchavanga majaruba, maana tope likivurugwa kabla ya kupanda ndipo yangeyange hujaa. Nikamwambia wameanza.

"Basi niwahi kutoka," akasema.

Hakutoka.

Alishaniambia angependa kulala Mabogini, karibu na kaburi la baba yake. Nililisema hilo kwenye kikao cha ukoo. Baba mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kisha akasema, "Mwanangu, mke wa hapa analala kihambani, kwenye migomba ya ukoo. Tukimwacha kule, watu watasema tulimfukuza." Nikamgeukia mama mkwe. Nilitamani abishe, agombe, hata anitukane. "Ndiyo desturi, baba," akasema. "Mpelekeni." Niliuchukia ule upole wa kila mtu. Tukamzika juu, migombani, kwenye baridi ambayo hakuwahi kuizoea, mahali ambapo sijaona yangeyange hata mmoja.

Mwaka huu walipoanza kuchavanga nilishuka Mabogini peke yangu. Mlima ulikuwa wazi wote, kuanzia theluji mpaka ule ukanda wa kijani ambako ndiko kwetu. Mwenye pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mikono, alikuwa amezima mashine yake anakunywa chai, na yangeyange walijaa kwenye tope alilotoka kulivuruga. Nilichuchumaa mahali pangu, kamera jichoni, nikasubiri. Nikajikuta nimesema "Tayari" kwa sauti. Mwenye pawatila akageuka, akanitazama, kisha akarudi kwenye chai yake. Alimfahamu mke wangu tangu wakiwa watoto. Ndege waliendelea kudonoa.

Nilikaa hivyo mpaka magoti yakaniuma. Mwisho nikaiweka kamera kwenye nyasi, nikasimama, nikagonganisha viganja mara moja, kama alivyokuwa akifanya.

Wakainuka wote pamoja. Weupe, mabawa wazi, wakapita mbele ya mlima mzima, mbele ya ile migomba alikolala. Ilikuwa picha yake ile ile, haikupungua kitu. Kamera ilikuwa nyasini, na mimi nilisimama pale viganja vikiwa bado vimeshikana, nikalia mpaka wakatua jaruba la mbali.