Maji ya Kumkandia Mama

Harufu ya kanga mbichi inayokaukia penye joto, ikiwa na udi kwa mbali, hunirudisha Handsworth, Uingereza, kwenye kabati la ghorofani lililohifadhi tangi letu la maji ya moto. Tangu nilipoacha shule kabla ya wakati nimepanga vyumba vingi, na kila ninapohamia hulitafuta kwanza kabati la namna hiyo, nikaingiza pua.

Nilikuwa na miaka minane Mama alipojifungua mdogo wangu. Bibi, mama yake, akaja kutoka Unguja kumlea Mama arobaini. Kila asubuhi alimkanda kwa maji ya moto, kitambaa kikifuka mvuke, mpaka Mama akawa analia na kucheka kwa pamoja. Bibi aliamini kwamba mzazi akikosa kukandwa vizuri, mwili wake hautamsamehe uzeeni.

Siku ya kumi na mbili bomba likatoa maji ya baridi. Radieta zote, vile vyuma vya ukutani vya kupasha nyumba joto, zilikuwa za moto, ila maji yalikuwa kama barafu. Tulichemsha birika baada ya birika. Ndoo ikijaa, maji ya kwanza yameshapoa. Bibi aliketi kwenye ngazi.

"Basi nimekuja kufanya nini?" akamuuliza Mama.

Baba akamleta fundi Jaswant, Kalasinga wa mtaa wa pili, mzaliwa wa Nakuru.

"Shikamoo, mama. Kiswahili yangu ni ya gereji, utanisamehe."

"Marahaba. Ya gereji ndiyo niitakayo leo, mwanangu. Nipe maji."

Nilimganda fundi kwa maswali, naye hakunifukuza. Ndani ya lile kabati la tangi, aliuweka mkono wangu juu ya bomba linalotoka kwenye boila, mtambo wa kuchemshia maji: moto. Akausogeza kwenye bomba lile lile, upande wa pili wa kisanduku kidogo cha bati kilicholikatiza: baridi.

"Kwa hivyo?"

"Something's shut," nikajibu, yaani kuna kitu kimefungwa. Kiswahili nilikielewa chote, lakini mdomo wangu ulijua Kiingereza tu.

Akanieleza kwamba visanduku vilikuwa viwili, kila kimoja na lango lake, hili la radieta, lile la tangi. Tangi likitaka joto, mota ndogo hulifungua lango. Akapandisha kidhibiti joto cha tangi ili mota iamke, nikatega sikio. Kimya. Akanionyesha kijiti cha pembeni mwa kisanduku, cha kulifungulia lango kwa mkono: mota ingekuwa inavuta, kingelegea mkononi. Kilikuwa kigumu. Akazima umeme, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na kutu na maji.

Tone likaniangukia shingoni. Nikatazama juu. Bibi alikuwa amefunga kamba ndani ya kabati na kuanika kanga zake, zikichuruzika, kwa kuwa joto lile la bure lilimfurahisha kuliko kitu chochote cha Uingereza.

Nikazinyooshea kanga kidole, nikimlaumu Bibi kwa kuiharibu mota. "It's Bibi's kangas! She broke it!"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Mtoto anasemaje?"

Fundi hakugeuka. "Anasema mota imezeeka, mama. Hizi hufa zenyewe tu."

Akalifungua lango kwa mkono, akakitegesha kijiti kisirudi, akarudisha umeme. Akamwambia Baba asizime radieta mpaka alete mota mpya, maana boila isingejua peke yake kwamba tangi linataka joto. Adhuhuri Mama alikuwa anapiga kelele bafuni, na Bibi akimwambia, "Lia, mwanangu, lia, ndiyo dawa!" Mimi nilinuna. Mtu mzima alikuwa amesema uongo, tena kwa jina langu.

Kesho yake kamba haikuwapo. Kanga zilikuwa migongoni mwa viti vya jikoni, na Bibi alidai zinakauka vizuri zaidi huko. Nikamwamini. Ilinichukua miaka kung'amua kwamba kidole changu hakikuhitaji mkalimani, na kwamba Bibi alielewa papo hapo, ila alimwachia fundi adabu yake, akaniachia mimi utoto wangu.

Arobaini ilipotimia aliondoka, na sikumwona tena. Kila alipopiga simu aliniomba nizungumze naye, japo kidogo. "Zuhura, maji yanatoka ya moto?" Nami nilijibu, "Yes, Bibi," nikampa Mama simu na kurudi kwenye katuni. Kiswahili cha kumwomba radhi nilikipata ukubwani, huku na huko, kwa watu wa kila namna. Nilipokuwa nacho cha kutosha, simu ya Unguja ilikuwa ikipokewa na watu wengine.