Vichupa Kwenye Friza ya Sefania

Watu wa kijiji cha Magamba wanamfahamu Raheli kwa mambo mawili: maharage yake ya bondeni, na binti yake ambaye ni daktari lakini hatibu mtu.

Hilo la pili lilimchosha kulieleza. Witness alipohitimu masomo yake ya juu kabisa, mchungaji alitangaza kanisani, na Jumatatu yake mama mmoja akaja na mguu uliovimba. Raheli alimpa chai, akamweleza kuwa huyu ni daktari wa kusoma, anachunguza majani ya mimea kwa mashine. Yule mama alikunywa chai yote, akaondoka akichechemea, na hadi leo anaamini alinyimwa dawa.

Raheli mwenyewe aliishia darasa la saba. Alichokijua kuhusu kazi ya mwanawe alikijua kwa kumtazama. Alijua kwamba baada ya udaktari hakupewa kazi ya kudumu, bali mkataba wa miaka miwili Uswidi, kisha mwingine Uholanzi, na sasa huu wa Ujerumani, unaokwisha Desemba. Kila mara anahama na mabegi mawili, anaanza upya kutafuta chumba na watu wa kusalimiana nao. Miaka thelathini na saba, na hajawahi kununua kabati.

"Nyie hamuajiriwi," Raheli alimwambia siku moja kwenye simu. "Mnaazimwa."

Witness alicheka, halafu akauliza bei ya maharage sokoni.

Mwezi wa sita mwaka huu alikuja nyumbani kikazi. Maharage ya Raheli yalikuwa yameshikwa na ugonjwa unaokunja majani na kuyatia madoa ya njano, na ndio huo Witness alikuwa anaufuatilia. Alikata vipande vya majani vidogo kuliko punje ya mtama, akavitumbukiza kwenye vichupa ishirini na vinne vyenye dawa kali ya kuhifadhi. Alipomaliza alikaa na mama yake jikoni, akamwonyesha picha kwenye simu.

"Haya matuta ni ya wapi?" Raheli aliuliza.

"Si matuta, mama. Ni ndani ya jani zima lisilo na ugonjwa. Kachumba kake kamoja tu."

Raheli alisogeza simu karibu na macho. Aliona ukuta, na ndani ya ukuta mafungu meusi yamelaliana kama mikeka dukani. "Na kwenye jani linaloumwa?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Hiyo mikeka inavunjikaje, na inaanzia wapi." Witness aliichukua simu yake. "Zamu yangu kwenye ile mashine inayopiga picha hizi ni wiki mbili za Agosti. Wanaoisubiri ni wengi. Nikipata picha nzuri nitakuwa na cha kuandika, na huenda wakaniongezea mkataba. Nisipopata..." Akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Kesho yake alisafiri kwenda Dar es Salaam kufuatilia kibali cha kuyatoa majani nchini. Alimwachia mama yake boksi la vichupa ndani ya friji. "Visipate joto, mama. Hilo tu."

Siku ya pili yake mti uliangukia nyaya kule msituni, na umeme ukakatika Magamba nzima. Raheli alipiga simu ya Witness, haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Alifungua mlango wa friji, akautia mkono ndani, akaona ubaridi unakwisha. Basi akalitoa boksi na kulipeleka dukani kwa Sefania, mwenye jenereta.

"Shikamoo, Mama Witness. Umebeba nini mikono miwili hivyo, kama mtoto wa kubatizwa?"

"Marahaba. Majani."

"Majani!" Sefania alicheka hadi akashika kaunta. "Daktari wako panado hana, majani anayo. Haya, lete. Nakuwekea kwenye friza, chini kabisa, ubavuni mwa kuku. Huko joto halifiki ng'o."

Raheli alirudi nyumbani moyo umetulia. Kesho yake mchana umeme uliporejea, akaenda kulichukua boksi. Alifungua kifuniko papo hapo dukani. Vichupa vyote vilikuwa vyeupe, vimeganda.

Akakaa juu ya kreti la soda.

Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, aliijua. Mwaka juzi ilishuka bondeni, asubuhi majani ya viazi yakawa yamesimama, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Jua lilipotoka tu yakalegea, meusi, kama yaliyochemshwa. Jani likiganda limekwisha. Mkulima gani halijui hilo? Na yeye, kwa hofu ya joto, hakuliwazia hata kidogo.

Alipofika nyumbani barafu ilikuwa imeyeyuka. Alikiinua kichupa kimoja dirishani, akakitazama, akainua kingine. Vipande vilikuwa vilevile, rangi ileile. Hapa Magamba hakuna jicho ambalo lingejua. Angevirudisha kwenye friji, akapika ugali, akanyamaza.

Lakini mashine ingejua. La, wasiwasi wake ulikuwa mbaya zaidi: mashine ingeona mikeka imevunjika, nayo haina wa kuiambia habari za friza ya Sefania. Witness angeandika kuwa ugonjwa ndio uliovunja. Angeandika mbele ya watu wote wa kazi yake, kwa jina lake na la marehemu baba yake Elisante.

Witness alirudi siku iliyofuata akiwa na kibali kwenye bahasha, uso umefunguka. "Tumekipata, mama!"

"Kaa kwanza," Raheli alisema. "Vichupa viliganda."

Alimweleza yote, amesimama, bila kujitetea. Witness alisikiliza huku bahasha ingali mkononi.

"Kwa muda gani?"

"Siku nzima."

"Nilikwambia visipate joto." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikukwambia visigande."

"Hukuniambia. Lakini mimi ni mkulima, mwanangu."

Witness alitoka nje. Raheli alimwona kupitia dirisha, amesimama chini ya mplamu, mkono mdomoni. Hakumfuata. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Nimebakiwa na dawa ya vichupa sita. Na naondoka keshokutwa. Maharage umeshang'oa yote?"

"Ya juu yote. Bondeni ipo mistari miwili niliyochelewa kupanda. Nayo imeanza kuumwa."

Walishuka bila kula. Witness alivaa glovu, akainama kwenye shina la kwanza lenye madoa mengi.

"Hilo limechoka," Raheli alisema. "Lina siku kumi. Hili hapa lilianza Jumapili, tulipotoka kanisani. Lile, juzi."

Witness aligeuka. "Unajuaje?"

"Nakuja hapa kila siku, nitaachaje kujua?" Akapita kwenye mstari, akagusa jani la kijani lisilo na doa hata moja. "Na hili litaumwa kesho au keshokutwa. Tazama hapa lilipoungana na kikonyo, limeanza kujikunja."

Witness alichuchumaa, akalitazama jani hilo kwa muda mrefu. Kisha akalikata, akatumbukiza kipande, akampa mama yake kalamu. "Andika siku, mama. Kila kichupa. Ulivyoona wewe."

Raheli aliandika polepole, kwa mwandiko wake wa shule ya msingi, hadi cha sita.

"Vitatosha?"

"Sijui, mama."

Raheli alivipanga vichupa kimoja kimoja. Alilifunga boksi, akalipakata, na njia nzima ya kupanda mlima alikataa kumpa Witness alibebe. Na kila walipofika penye jua, alilifunika kwa khanga yake, halafu akaifunua kidogo, aone kama halipoi mno.