Mazishi Niliyoyakataa Mchezoni

Mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo mpaka leo inanitia aibu, hata nikiwa peke yangu jikoni nachambua mchele. Nakusimulia wewe kwa sababu Jumapili niliwasikia mkigombana hapa sebuleni kwangu, wewe na wenzako, kisa huo mchezo wenu wa dadu na hadithi. Mmoja anataka kitabu cha sheria kifuatwe neno kwa neno, mwingine anapayuka kwamba kitabu si msahafu. Mkadhani huyu mama mwenye nyumba haelewi kitu. Naelewa sana. Niliucheza kabla hujazaliwa, na msimamizi wake nilikuwa mimi.

Nilikuwa mwalimu kijana kule Ipililo, Maswa. Kitabu chenyewe nilikiokota Mwanza kwenye meza ya vitabu vya mitumba, cha Kiingereza, jalada limechanika, nikakisoma mpaka nikawa naweza kukutajia kurasa. Tulikuwa walimu wanne. Jumamosi, tukishafua na kula, tunakaa kwenye baraza la nyumba ya shule. Mimi nasimulia safari, wenzangu kila mmoja ana mhusika wake. Anasema mhusika wake anafanya nini, dadu inarushwa, kitabu kinaamua kama amefaulu au ameumia. Kabula alikuwa na shujaa wa upinde. Limbu alikuwa na mwizi, mwizi gani sijui, maana hakuwahi kuiba hata sindano. Shija akachagua mwanamke mzee, mganga wa miti shamba, akampa jina la Mayu.

Sasa huku kwetu kila mama mtu mzima tunamwita mayu, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza chochote.

Shija alikuwa amehamia shuleni kwetu muda si mrefu. Siku za kazi ungekaa naye ofisini tangu kengele ya asubuhi usimsikie zaidi ya salamu ya "mwangaluka". Lakini Jumamosi akishakuwa Mayu, ulimi unafunguka. Mayu anawagombeza wenzake kwa kulala na njaa, anawachemshia dawa chungu, anawauliza wanangoja nini kuoa. Tulikuwa tunacheka mpaka majirani wanachungulia. Nilimpenda sana Shija, mwanangu, na si kwa hiyo maana yako, acha kutabasamu.

Siku hiyo ninayoisema, wasafiri wetu walikuwa wanakimbizwa na wanyang'anyi. Mayu akabaki nyuma kwenye kivuko cha mto ili wenzake wavuke. Shija akarusha dadu, ikaanguka vibaya. Akaniomba kitu: Mayu apige mluzi wa wachungaji, ng'ombe walioko ng'ambo waje wazibe njia. Nikafungua kitabu, nikamwambia hicho hakimo. Akarusha tena kama sheria inavyotaka, ikaanguka vibaya zaidi. Mayu akafa.

Hapo sijutii, na nakuomba unielewe vizuri. Ningempindishia Shija sheria siku ile, Jumamosi inayofuata Kabula angedai apindishiwe na yeye, na angekuwa na haki. Baada ya hapo nani angeogopa kitu katika safari zetu? Sheria ya dadu ni ya wote, na Shija mwenyewe hakulalamika.

Akasema tu, "Basi tumzike."

"Tumzike vipi?"

"Jumamosi ijayo. Tukae msibani kwake. Kila mtu amseme kidogo, tumzike, ndiyo safari iendelee."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia kitabu hakina sheria ya msiba. Mhusika akifa unatengeneza mwingine, basi. Akasema, "Hata nusu saa tu, Nkwimba." Nikamjibu kwamba kitabu ni kitabu. Hakubisha. Alikusanya karatasi zake taratibu, akaaga vizuri, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Ungedhani nilimfuata nyumbani kwake. Wapi! Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma kitabu ambacho wengine hawajakisoma. Nikawaambia wenzangu Shija amesusa mchezo, kwa hiyo tumpige mchenya. Wewe umekulia hapa Bariadi mjini, labda umeusikia tu: mtu akikosea kijiji hasalimiwi, haazimwi hata jembe, mpaka alipe faini. Yetu ilikuwa jogoo na kreti ya soda. Tuliuanza kama utani. Anaingia ofisini tunanyamaza, anasalimia tunatazama madaftari. Siku zikapita, jogoo haji, na mimi nikaona haya kurudi nyuma. Utani ukageuka kweli bila mtu yeyote kutamka kwamba sasa ni kweli.

Akaomba uhamisho, akapata Kiloleli, kule Busega. Alipoondoka ndipo mwalimu mkuu wetu, mzee mmoja mpole sana, alipotuita ofisini kwake. Siku hiyo hakuwa mpole.

"Hivi nyinyi mna akili?" alituuliza. "Kijana amefiwa na mama, nyinyi mnampiga mchenya?"

Hatukuwa tunajua. Mama yake Shija alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla hajaja kwetu, wakati yeye yuko mbali anasimamia mtihani wa darasa la saba. Aliomba ruhusa, akaambiwa utaratibu hauruhusu msimamizi kuondoka kabla mtihani haujaisha. Alipofika nyumbani, mama alikuwa ameshazikwa na waombolezaji wametawanyika. Alikuwa mganga wa miti shamba.

Mwanangu, nililia pale pale mbele ya mwalimu mkuu. Mtu alikuwa amenyimwa mazishi ya mama yake kwa sababu ya utaratibu, akaja barazani kwangu kuyaomba kwa mlango mwingine, nami nikamnyima kwa sababu ya utaratibu.

Likizo ilipofika nilipanda basi mpaka Kiloleli. Nilimkuta uani anatengeneza baiskeli. "Mwadila, Shija," nilimsalimia. Akaitikia, akanawa mikono, akaniletea kiti, akaagiza nipikiwe. Nilimwomba radhi nikiwa nimeinamisha kichwa. Akasema, "Ule ulikuwa mchezo tu, mwalimu." Tukala, akanisindikiza hadi stendi, akanishukuru kwa kuja. Tangu nilipofika mpaka basi linaondoka aliniita mwalimu. Jina langu hakulitamka tena, wala hajawahi kulitamka hadi leo, na tumeshakutana misibani mara nyingi.

Sasa nisikilize. Dadu ikianguka, iheshimu, hata kama aliyeirusha ni rafiki yako. Lakini kitabu kiliandikwa na mtu asiyewajua hao walioketi na wewe. Mahali kitabu kinaponyamaza, usijifanye kimekataza. Na mwenzako akikuomba jambo ambalo halimo, kabla hujafungua ukurasa wowote, muulize kwa nini analitaka. Swali hilo halikunijia siku ile, na lingenigharimu nusu saa.

Nenda mwanangu, wenzako wanakungoja. Mungu akupe masikio ambayo mimi sikuwa nayo, akuepushe na kiburi cha kujua sheria, na marafiki zako wakuite kwa jina lako mpaka uzeeke.